Mbwa wa Sikio la Gundi

"Aliyewauza wafu wetu anahama kijiji leo hii!" nilinguruma, nimesimama kando ya kreti tuliyomnyang'anya mchuuzi wa vitu vya makaburini kutoka Colima. Miaka ishirini nimewakumbusha watu hawa kila tulichoibiwa; hata jela niliingia kwa ajili hiyo, nikatolewa kwa faini ambayo sikuwahi kujua nani aliilipa. Walipiga makofi. Hata mama, pale mbele, alipiga, polepole.

Nikang'oa kifuniko. Juu kabisa alilala mbwa wa udongo mwekundu, mnene, wa wale ambao wazee wa kale walizikwa nao ili wawavushe mto wa wafu.

Sikio lake la kushoto liliungwa kwa gundi. Alama ya kidole kwenye gundi ile ilikuwa yangu. Nilimvunja utotoni, mama akanicharaza kwa fimbo ya mpera. Babu ndiye aliyemfukua akilima mahindi, na mama alituapisha kwamba akifa yeye, tumzike na mbwa huyo.

"Taja jina, Eusebio!" watu walipiga kelele. "Au leo ulimi umeumwa na huyo mbwa?"

Nilimtazama mama. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya aproni.

"Mtaje tu, mwanangu," alisema. "Kisha waambie ulitokaje jela."