Kimya cha Bwawani

Kanuni Ndogo ya Kudhibiti Kelele za Vyura Wakati wa Chai ya Wageni ilipitishwa kwa kauli moja, vyura wakiwa waalikwa wasio na kura.

Mwenyekiti, Ngiri, mpenda vikao, alieleza kwamba wageni wa kambini huja hifadhini kupumzika, na pampu yao ndiyo inayojaza bwawa wakati wa kiangazi. Wakiudhika wakahama nayo, wanyama wote watakufa kiu.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema Bibi Chura. "Lakini sisi hunyamaza Mamba anaposogea. Tukinyamaza muda wote, nyie mtajuaje?"

"Bibi, hilo liko nje ya ajenda."

Jioni ile vyura walitii. Wageni walisifu utulivu, wakaongeza maji. Swala alifika na mwanawe mwenye kiu, akasimama mbali, masikio juu. Maji yalitulia kama mafuta. Hata upepo ulionekana kuwa umeisoma kanuni.

"Mwenyekiti, mwili unanisisimka," alinong'ona. "Kimya hiki ni cha kanuni, au ni kile chetu cha siku zote?"

"Ni cha kanuni, mama. Mlete mtoto anywe."

"Basi tangulia wewe."

Ngiri alicheka, akapiga magoti kama ilivyo desturi ya ngiri, akainama kunywa. Maji hayakutoa sauti. Swala alipopepesa macho, ukingoni palikuwa pamebaki alama mbili za magoti.

Kamati ilitangaza kwamba Mwenyekiti amekwenda likizo. Mamba alimla.