Mfuko wa Masudi

Mwanahawa aliuinua mfuko wa mkojo kwa ncha za vidole viwili, kama aliyeokota panya aliyeoza. Mkojo ulikuwa na rangi ya kutu, na harufu yake ilimfanya ageuze uso. Miaka tisa mumewe Masudi hakukanyaga nyumba hii. Leo mke mdogo kaona kinyaa, kamrudisha na mpira wake wa mkojo.

"Shusha mfuko, mama," alisema muuguzi aliyemleta. "Tezi dume imemziba mrija wa mkojo, ndiyo maana tumempitishia mpira mpaka kwenye kibofu. Mfuko ukikaa juu ya kibofu, uchafu wote humrudia. Ukifika kwenye figo, humpati tena."

"Na wa kumwaga ni mimi?"

"Asubuhi na jioni."

"Mke wangu," Masudi alibembeleza kutoka kitandani, "nani mwingine ana moyo kama wako?"

"Ng'ombe kavunjika guu, sasa kakumbuka zizi. Huko hukuambiwa kwamba na mimi nina pua?"

Muuguzi aliaga, akaenda zake. Mwanahawa alibaki kasimama, pua kaikunja, mfuko kaushusha hadi usawa wa godoro tu, sawasawa na kibofu. Ndani ya mpira mkojo ulikuwa umetulia, haushuki wala haupandi.