Buti la Rubani

Mzee tusiyemjua alisimama mbele ya baraza yetu, akaitikia shikamoo zetu, kisha akasema: "Nimeambiwa hapa yupo mwenye kitabu cha picha cha rubani."

"Mimi," nikajibu. Lakini changu kilikosa ukurasa wa mwisho. Miaka sita mimi na wenzangu wawili, wakusanyaji wa vitabu hivyo vya zamani, tulikuwa tukibishana kama yule rubani aliyening'inia kwenye bawa la ndege alikufa au alipona.

Mzee akatoa karatasi iliyokunjwa. "Mwisho wake nnao mimi. Nlifungiwa bajia humu."

Sote tukasimama.

"Nipe huo mwanzo nkausome kwetu Kizimkazi, Ijumaa narudi. Ukurasa nakuachia, lakini usiufungue mpaka nije. Kule sina wa kuzungumza naye mambo haya. Nataka niwepo ukishtuka."

Nikaahidi. Akaondoka na kitabu changu.

Mafuta ya bajia yalikuwa yameipenya karatasi, na katikati ya doa lilionekana, kwa ndani, buti moja la rubani.

"Limesimama!" akapiga kelele mwenzangu mmoja. "Mzima huyo!"

"Umeishika kiubavu, mjinga we," akasema wa pili. "Limelala. Maiti! Hebu fungua, Jecha, nani atajua?"

"Nshaahidi."

"Usipofungua, kile kitabu changu cha simba hukipati ng'o!"

Kitabu cha simba nilikuwa nakiota. Nikautazama ule ukurasa, nikauweka barazani, nikaukalia.

Ndiyo kwanza ilikuwa Jumamosi.