Kasia la Nyuma

Boti ya mpira ilipoingia kwenye korongo, Lukelo, kiongozi wa safari, alikuwa amekaa nyuma akiongoza boti kwa kasia na kutoa amri, na abiria sita wakipiga makasia kama alivyosema. Karibu naye alikaa Sikudhani, mwalimu mkuu aliyestaafu mwezi uliopita. Tangu asubuhi alikuwa akifuata amri zake kama abiria wengine.

Kwenye maporomoko ya tatu boti iligonga mwamba, Lukelo akatupwa majini. Abiria wakaacha makasia, wakaanza kupiga mayowe. Boti ikageuka ubavu.

"Nyamazeni!" alisema Sikudhani. Wakanyamaza. "Wa kulia, pigeni! Wa kushoto, tulieni!"

Boti ikanyooka. Lukelo aliibuka mita chache kutoka kwao, katikati ya povu. Sikudhani akamnyooshea kasia, naye akalishika. Wakamvuta ndani kwa mikanda ya jaketi lake la kuokolea maisha.

Alilala chini akikohoa maji. Bega lake la kulia lilikuwa limeteguka.

"Mama, siwezi kushika kasia," alisema. "Na bado maporomoko mawili."

"Basi niambie pa kupita, mwanangu."

Sikudhani akahamia nyuma na kasia lake, akakaza mkanda wa kofia. Mbele yao kuta za mawe zilisogeleana, na mto ukapotelea kwenye kona.