Likizo ya Mwalimu Eliufoo

Siku ya tatu ya likizo yake, Mwalimu Eliufoo aliamka akawakuta kaka zake wawili wanakata migomba yake.

Waliikata upande mmoja tu, ule wa njia. Mkubwa wao, Eliezeri, ambaye kwa kawaida huonekana Krismasi hadi Krismasi akitokea Dar, alikuwa na panga mkononi na shati la ofisini mwilini.

“Tunapanua njia,” alisema. “Gari lifike mpaka mlangoni.”

“Gari la nani?”

“La yeyote. Wewe umeambiwa upumzike, pumzika.”

Eliufoo akacheka, akarudi kwenye kiti chake. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameifundisha kwaya ya usharika wao kule Machame, na hakuna aliyewahi kumpanulia hata mlango. Alipochoka ndipo walipomwona.

Na alikuwa amechoka kweli. Usharikani kwao, mtu hazikwi bila wimbo wake mwenyewe, wenye jina lake na habari zake, na mtunzi alikuwa mmoja tu. Zamani ilikuwa kazi ya mara moja kwa mwezi. Lakini mwaka ule wa tisini na sita watu walikuwa wanazikwa hata Jumanne, vijana watupu, na kila familia ilitaka beti nne na sauti nne kabla mwili haujatoka mochwari. Eliufoo alitunga akila, alitunga akikamua ng’ombe. Mwishowe kila sauti iliyomjia kichwani ilikuwa ya msiba. Aliombwa wimbo wa harusi ya mpwa wake, akakaa na karatasi siku nne, akaambulia kitu ambacho kingemliza bibi harusi mwenyewe. Hilo lilimtisha kuliko kukonda. Aliogopa kwamba furaha imemtoka na haitarudi tena.

Kisha akaanguka makaburini katikati ya ubeti wa tatu, mkono wa kuongozea bado uko juu.

Daktari mmoja wa mjini Moshi alimpima kila kinachopimika, na wiki iliyofuata akamwambia kwa upole, “Mwalimu, umechoka. Nenda nyumbani ukapumzike.” Halafu akamwomba mkewe, Eunike, abaki ndani kidogo. Eliufoo alimsubiri kwenye benchi la nje.

“Kakwambia nini?” alimuuliza wakishuka ngazi.

“Kasema upewe kila unachotaka, Baba Ndelilio.”

Basi akapewa. Mtori kila asubuhi, na nyama yake ya kuonekana kwa macho. Mchungaji, ambaye huwasalimia watu huku anatazama saa, alikuja akakaa naye alasiri nzima. Jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba miaka saba alileta jani la sale, lile la kuombea msamaha, akasema yaishe. Eliufoo alilipokea kwa mikono miwili. Aliona aibu kidogo kwamba aliwahi kuwadhania vibaya watu wema namna hii.

Kwaya ndiyo iliyomgusa zaidi. Elisifa, msaidizi wake, alikuja na daftari na mpiga picha kutoka mjini. Wanatengeneza kaseti ya nyimbo zake zote, alisema, na jalada linahitaji picha na historia yake. Wakamvalisha suti. Elisifa akamuuliza alizaliwa mwaka gani, nani alimfundisha noti, andiko gani analipenda kuliko yote.

“Mae! Jalada lenyewe dogo vile, hayo yote yataenea wapi?”

“Yataenea, Mwalimu,” alisema Elisifa, macho kwenye daftari.

“Na misiba? Nani anatunga siku hizi?”

“Ni mimi. Najaribu kama ulivyonifundisha. Wewe pumzika.”

Wiki ya sita, akiwa uani na Eunike wanamenya ndizi, bila kuwaza lolote, wimbo ukaja. Wimbo wa mavuno. Ulikuwa wa mbio, sauti ya kwanza ikipanda na kushuka, besi zikiifukuza kwa nyuma, na ndani yake hamna maiti hata mmoja. Aliuimba chinichini, machozi yakamtoka. Furaha imerudi! Ana miaka arobaini na saba tu. Atatunga mingine ishirini, na sasa atajifunza kusema hapana.

“Umeusikia, Mama Ndelilio?”

Eunike aliweka kisu chini, akaingia ndani.

Alasiri ileile Eliufoo alichukua fimbo yake, akapanda kanisani polepole. Ilikuwa siku ya mazoezi, na alitaka kuwaimbia wimbo ule ukiwa bado wa moto.

Aliwakuta wameshaanza. Walikuwa wanaimba wimbo wa msiba ambao hakuwahi kuusikia. Akasimama nje ya mlango asije akawakatiza. Elisifa alikuwa ameiva hasa: sauti ya tatu iliingia kwa kuchelewa kidogo, vilevile alivyowafundisha yeye, na palepale ndipo wimbo ulipouma. Eliufoo alipiga mapigo kwa kidole ukutani, akajivunia mwanafunzi wake. Kisha akamhurumia huyo maskini aliyekufa, akajiuliza ni nani, maana nyumbani hakuna aliyemwambia. Bila shaka walimficha wasimchoshe.

Ndani, Elisifa alipiga makofi kuwasimamisha.

“Besi, jina la Mwalimu mnalikaza mno,” alisema. “Lilegezeni. Mama Ndelilio atakuwa amekaa mbele kabisa, karibu na jeneza.”