Kata ya Kisima Kipya

Daktari Zuhura, mtaalamu wa maji, alipomaliza kumwombea kura rafiki yake Mwanahawa, aliyeahidi kuusafisha mji kutokana na sumu ya kiwanda cha ngozi, uwanja ulirindima kwa vigelegele. Kwa desturi ya mji ule, anayemwombea mtu kura hunywa maji kwanza, kisha kata ya kunywea hupita mikononi mwa wote. Mwanahawa akamletea maji ya kisima alichokichimba mwenyewe.

Kwa mazoea ya kazi, Zuhura alichovya karatasi ya kupimia sumu. Ikageuka nyekundu.

“Shoga, haya yana sumu,” alinong’ona.

“Najua. Kunywa kidogo tu, watu wanatutazama.”

“Unajua?”

“Tangu juzi. Tukishinda, nitakifukia.”

“Hima, Daktari, wenzio koo zimetukauka!” mwanamume mmoja alitania, watu wakacheka. Chini ya jukwaa, mama mmoja alikuwa amekwisha kumshusha mtoto mgongoni ili awe wa kwanza kunywa baada ya Daktari.

Zuhura aliipindua kata. Maji yalimiminika juu ya viatu vyake, na vigelegele vikakatika. Mwanahawa peke yake aliendelea kutabasamu, mkono wake ungali ukiwapungia watu walionyamaza.