Binti wa Kiti cha Mbele

"Rukaiya Abdulmajidi!" Mwalimu Rebeka aliita mlangoni mwa basi.

"Nipo, mwalimu," ikaitika sauti ndogo.

Mwalimu Rebeka alimtazama yule mtoto kwa muda, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha akamshika bega. "Haya, panda."

Mwalimu Mkuu Sostenes aliposikia jina hilo aliinuka kitini. "Rukaiya, mwanangu! Wewe hukai huko nyuma kwenye kurushwarushwa na mashimo ya barabara. Njoo hapa mbele, karibu na mimi." Akamwinua mtoto wa muuza genge ili mtoto wa mwenye kinu cha alizeti apate dirisha.

Sostenes alikuwa amehamia shule hiyo ya Ilongero muhula huo huo, lakini wazazi wa maana alishawajua wote. Aliwajua kwa magari yao. Watoto wenyewe alikuwa bado hajapata nafasi ya kuwatazama.

Nje, wanafunzi ambao wazazi wao hawakumudu safari walipangwa mstari karibu na mlingoti wa bendera, mafyekeo mikononi, wawaimbie wenzao wimbo wa kuwaaga. Wazo hilo lilikuwa la mwalimu mkuu mwenyewe. Hakupenda ubaguzi hata kidogo. Alitaka kila mtoto ashiriki ziara ya Tarangire: wengine kwa kwenda, wengine kwa kuimba na kufyeka. Mwalimu Rebeka angebaki kuwasimamia.

Msichana mmoja pale mstarini alipunga mkono na kucheka mpaka basi likatoka getini.

"Unawaona?" Sostenes alimwambia dereva. "Hata hawaumii. Wameshazoea."

Walioumia walikuwapo. Wiki iliyotangulia, Isaka, mchunga ng'ombe wa watu, alifika ofisini amekumbatia jogoo. Alivua kofia, akaomba binti yake Dina aende na wenzake. Jogoo awe malipo ya mwanzo, kilichopungua angemalizia baada ya mavuno. "Tangu mlipotangaza hiyo safari, mwalimu, hata chakula anakula kidogo," alisema. Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa huruma kubwa, akamweleza kwamba elimu haikopeshwi. Isaka akarudi zake kwa miguu. Jogoo akabaki; mwalimu mkuu alimpokea kwa niaba ya shule.

Basi lilipita Katesh, Mlima Hanang ukiwa umejifunika mawingu. Mtoto wa kiti cha mbele alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo. Hijabu ilikuwa ikimteleza kila mara, naye akiivuta kama kitu cha kuazima.

"Umetulia sana," Sostenes alimsifu. "Ndiyo malezi hayo. Watoto wa watu wenye uwezo hawapigi kelele."

Nyuma yao wanafunzi waliinamisha vichwa, mabega yakitetemeka. Mwalimu mkuu alidhani wanasinzia.

Walipoingia hifadhini, wote walitumbua macho bila kuona kitu. Mtoto yule akanyoosha kidole. "Nyati, mwalimu. Pale kwenye migunga. Wamelala, ila mmoja amesimama, anachechemea."

Mwongoza watalii alichukua darubini, akatazama, akashangaa. Kweli.

"Mmeona?" Sostenes aligeukia basi zima. "Huyu kwao kuna televisheni kubwa kama ukuta. Macho yake yamefunguka! Sasa tungemleta hapa mtoto wa yule mchunga ng'ombe, angeona nini? Angeona ng'ombe tu!"

Alicheka peke yake. Kule nyuma mabega yaliacha kutetemeka. Mtoto wa dirishani aliteremsha kidole taratibu, akakificha chini ya hijabu, na kwa kitambo kirefu hakuonyesha mnyama mwingine, hata tembo walipovuka barabara mbele yao.

Wakati wa chakula, Sostenes alimchagulia paja la kuku, nono kuliko yote. Alikula nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi.

"Hana pupa," mwalimu mkuu aliwaambia walimu wawili wageni wa mafunzo kwa vitendo waliofuatana naye. "Mtoto wa maskini angekwisha tafuna na mfupa. Unampelekea nani, mwanangu?"

"Rafiki yangu, mwalimu. Amebaki shuleni."

"Una moyo mzuri. Ila uangalie marafiki."

"Mwalimu, waliobaki leo wanaona nini?"

Sostenes alifikiri. Alikuwa mwalimu, hakupenda swali lipite bila jibu. "Wanaona majani, mwanangu. Majani nayo ni maumbile."

Mtoto akaukaza mkunjo wa ile karatasi. Njiani kurudi, wenzake walimfuata mmoja mmoja pale mbele, huyu na biskuti, yule na soda aliyobakiza. Hata yule wa muuza genge, aliyenyang'anywa dirisha, alimletea pipi. Sostenes aliguswa sana. Watoto wadogo hivi, akawaza, na tayari wanajua nani wa kumheshimu.

Basi lilifika Ilongero jua likizama. Mzee Abdulmajidi alikuwa amesimama kando ya pikapu yake, kanzu imeingia vumbi. Mwalimu mkuu alishuka wa kwanza, akamshika mtoto mkono, akamvusha uwanja uliokuwa umefyekwa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Nakukabidhi binti yako, salama salimini. Mzee, nikwambie ukweli: nimefundisha miaka mingi, lakini mtoto mwenye akili na adabu kama huyu sijapata kumwona. Wazazi wote wangelea kama wewe, nchi hii ingekuwa mbali!"

Mzee Abdulmajidi alimtazama mtoto, kisha akamtazama mwalimu.

"Sifa hizo nitamfikishia baba yake," alisema, akifungua mlango wa pikapu. "Rukaiya wangu nimemwacha nyumbani, mama yake anampaka mafuta malengelenge ya mikono. Rukaiya mwenyewe kanituma nimchukue huyu Dina, maana kwa Isaka ni mbali na giza linaingia."